Sufuria Iliyofika Barazani

Kindu, 4 Aprili 1979

Mume wangu, roho yangu,

...na kuhusu lile swali ulilonitupia ukiwa juu ya ngazi za ndege, mpaka abiria wote wakageuka kunitazama, jibu langu ni hili: kitu cha kwanza nilichokikosa ni kikohozi chako. Ndiyo, kikohozi! Si macho yako, wala ile sauti ya mahakamani ambayo mji mzima unaisifu. Ni kile kikohozi kidogo unachokohoa asubuhi kabla hujasema neno lolote, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima. Niliamka, nikangoja. Kimya. Nikalia kidogo, nikajicheka, kisha nikaenda jikoni kwa Mama.

“Unalia nini, bibi arusi?” akaniuliza. “Mutu akienda Kinshasa hajakufa.”

“Silii, Mama. Ni moshi.”

“Moto sijawasha.”

Basi unaona ninavyoishi. Mama yako ni mwema kwangu, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Wifi Halima ndiye ananitania mchana kutwa. Ananiita “muke ya ndege”. Hina ya mikono yangu bado haijafutika, na mwenye kuitazama ameshaondoka. Nani anaolewa hivi, Amuri? Mwezi mmoja wa ndoa, kisha Baraza la kutunga sheria linakuita Kinshasa, na mimi ninabaki nikinusa koti lako nyuma ya mlango. Usimwambie mtu kwamba ninalinusa.

Leo nataka kukuambia jambo ambalo sikukuambia siku za arusi kwa sababu ya haya. Nilikupenda kabla hujanijua. Nilikuwa darasa la mwisho kwa masista, na mwalimu wetu wa uraia alitupeleka mahakamani tukaone sheria inavyofanya kazi. Siku ile uliwatetea wanawake wa Kampene, wale waliokamatwa wakichekecha mchanga uliotupwa na mgodi, wakitafuta vijiwe vyeusi vya madini vilivyobaki. Mwendesha mashtaka alisema hata mchanga uliotupwa una mwenyewe. Wewe ukasimama na joho lako, ukakohoa (kumbe nilikisikia siku ile ile!), ukasema: “Mheshimiwa hakimu, mtu akitupa maganda ya ndizi barabarani, mbuzi wa jirani akayala, mbuzi huyo ni mwizi?” Watu walicheka mpaka benchi la wasichana likaanguka. Hakimu alijifunika mdomo kwa karatasi. Wanawake wakaachiwa, na mimi nikarudi shuleni nikiwa mgonjwa wa homa isiyo na dawa.

Wewe unadhani watu wa Pangi, wilaya ya Kampene yenu, walikuchagua komiseri wa watu, mjumbe wao Barazani, kwa sababu ya hotuba zako. Sivyo. Walikuchagua kwa ajili ya yule mbuzi. Kila mtu alitaka mtetezi wake akaseme vile kule juu, Kinshasa.

Na sasa wanawake wale wale wamekamatwa tena, wiki ile ile ya arusi yetu, na sheria inasema komiseri haruhusiwi kuvaa joho akasimama mahakamani. Nilikuona ulivyokunja uso kwenye kiti cha arusi walipokunong'oneza habari hiyo. Nilifikiri unajuta kunioa! Halima ndiye aliyenieleza kesho yake. Nilifurahi sana, halafu nikaona aibu kufurahi.

Niandikie haraka. Niandikie unakula nini, unalala upande gani wa kitanda, na kama mto wa huko ni mkubwa kuliko Lualaba yetu. Hata ukiwa mkubwa usiniambie.

Wako, wako, wako,
Safi


Kinshasa, 13 Aprili 1979

Safi wangu,

Ninalala upande wa ukutani. Upande wako ninauacha wazi, na Onema ananicheka. Onema ni komiseri wa Kibombo, tunakaa naye nyumba moja. Ana wake wawili na anasema kila mmoja ameridhika kwamba yuko mbali. Asubuhi ananigongea mlango: “Wewe bwana arusi, Baraza halingoji ndoto zako.” Anapika sombe, majani ya muhogo, vibaya sana. Mawese ya huku hayana harufu ya kwetu.

Mto sitausema.

Kazi yangu hukuiuliza. Nitakueleza, maana nilipokuwa mwanafunzi wa sheria hapa hapa, nilipita mbele ya jengo hili nikadhani ndani yake watu wanabishana kama mahakamani, mmoja analeta ushahidi, mwingine anauvunja, kisha wote wanahesabiwa. Sivyo tunavyofanya. Sheria inasomwa, mwenyekiti anainua uso, sisi tunapiga makofi. Makofi yakiwa mengi, sheria imepita. Sijaona bado siku ambayo hayakuwa mengi. Wapo wanaopiga huku wanasinzia. Baba yangu alipouza chumvi na vikwembe vya kujifunga kule Kampene, mteja alikuwa na ruhusa ya kusema bei haimpendezi. Mimi, mtoto wake aliyesoma, nimevaa abakosti mpya, suti ile ya wakubwa isiyo na tai, na ninapiga makofi. Nilipiga wiki nzima. Jioni viganja vinanuka jasho.

Lakini makomiseri tunaruhusiwa kuwauliza maswali wakubwa wa serikali. Nimeandika jina langu kuuliza: kwa nini wanawake walioachiwa na mahakama ya Kindu wamerudishwa gerezani bila kesi? Onema anasema nichague swali la barabara, barabara haimuudhi mtu.

Unisaidie, mke wangu. Nenda uwatazame. Niambie ulichokiona kwa macho yako tu, si ulichosikia sokoni. Mimi ni mwanasheria hata bila joho, na bila shahidi sina mdomo.

Kikao kikiisha nitatafuta nyumba yetu wenyewe na utakuja na ndege. Nimekwisha kuchagua dirisha utakalosimama kando yake. Nyumba yenyewe bado.

Ninakohoa kila asubuhi, na hakuna anayejali.

Wako,
Amuri


Kindu, 24 Aprili 1979

Mume wangu mpenzi, mheshimiwa wangu, wakili wangu, Metre wangu,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea! Dirisha! Nimeshalishonea pazia kichwani mwangu, la rangi ya manjano. Nimesimama penye dirisha hilo tangu juzi, ninakuona unarudi kutoka Barazani, unakuja taratibu, unainua kichwa.

Sasa kazi uliyonipa. Nilipika wali wa mpunga mpya na sombe, nikaweka samaki juu, nikajifunika vizuri, nikaenda gerezani na Halima. Mlinzi alisema hakuna wanawake humo. Wakati anasema, mwanamke mmoja akapiga chafya ndani! Halima akamwambia, “Kaka, basi na huyo ni mwanaume anapiga chafya kama dada yangu?” Akacheka, akachukua samaki mmoja, akafungua.

Niliwaona kwa macho yangu. Wote wapo, wamekaa kwenye saruji, na mmoja ananyonyesha. Mama Élisabeth, yule mzee wao aliyecheka kuliko wote siku ya mbuzi, aliniuliza:

“Metre iko wapi?”

“Yuko Kinshasa, Mama. Ni mukubwa sasa.”

“Ukubwa wake unatusaidia nini sisi huku?”

Nilibaki nimeshika mfuniko. Akaona uso wangu, akanihurumia, akasema wali wangu ni mzuri lakini chumvi bado nitajifunza. Walikula wote. Nilirudi na sufuria tupu. Uliza swali lako, Amuri. Simama uliulize. Nimekwisha kuwaambia watu wote wa mtaa wetu wa Mikelenge kwamba utauliza, kisima kizima kinajua, na kila nikipita wanaimba jina lako. Ninajivuna mpaka kanga inanibana!

Jambo la pili. Sitwayeni Okito, yaani raia Okito, kama chama kinavyotaka tuitane, mkubwa wa chama wa mtaa wetu, alikuja nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akasema siku ya chama, tarehe 20 Mei, mkubwa wa jimbo atakuwepo uwanjani, na ni haki mke wa komiseri aongoze wanawake katika animasyo, yaani zile ngoma na nyimbo za kumsifu Kiongozi. Mama akasema hapana. Akasema katika nyumba yake bibi arusi hachezi mbele ya watu mpaka mwaka wake upite, ndivyo alivyoolewa yeye, na mama yake kabla yake.

“Mama,” Okito akasema, taratibu kabisa, “mutu asiyecheza, watu wanauliza sababu.”

“Sababu ni mimi,” Mama akamjibu. “Andika jina langu. Mwanahamisi.”

Aliondoka akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile. Niambie nifanye nini, mume wangu. Nicheze, au nikae? Neno lako moja linatosha.

Ninakubusu pale kwenye kovu dogo la kidevu,
Safi


Kinshasa, 9 Mei 1979

Kwa sitwayeni Safi,

Barua yako imefika. Niko mzima. Kazi za Baraza zinaendelea vizuri chini ya uongozi wa chama.

Usiandike tena juu ya Kampene. Mambo hayo hayakuhusu, nami hayanihusu tena. Usirudi mahali ulipopeleka chakula.

Safari yako ya kuja huku haiwezekani. Usiulize sababu. Usiandike mara kwa mara, nina kazi nyingi.

Msalimie Mama.

Amuri Bakari
Komiseri wa Watu


Kindu, 24 Mei 1979

Amuri,

Sitwayeni! Nilisoma neno hilo nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Nimeandikiwa na mume wangu au na ofisi? Umepiga barua kwa mashine, hata jina lako umelipiga kwa mashine, nikabaki natafuta mahali mkono wako ulipogusa. Hapana. Nilitafuta mbele na nyuma.

Halima anasema mwanaume akianza kuandika kwa mashine, jua kuna mwingine anayeshika mkono wake. Alisema kwa utani, kisha akaniona, akaomba radhi. Jana Mama alinipikia uji kama kwa mgonjwa.

Kama yupo, niambie jina lake. Nitamchukia vizuri zaidi nikijua jina. Je, anasimama kwenye dirisha langu? Amevaa nini? Anajua unakohoa?

Angalia, nimeapa nitaandika kwa hasira, na ukurasa mmoja tu umenishinda. Ninakutamani. Kama nilikosea katika barua yangu, niambie. Kama ni ule utani wa kanga, sitautania tena. Kama nimejivuna mno pale kisimani, nitanyamaza. Nimewaza mambo yote niliyokuandikia, nikaona hakuna baya, ni wali na mapenzi tu.

Uliza Mama, mimi si mtu wa kununa. Lakini nilikuuliza neno moja, nicheze au nikae, na hukunijibu hata hilo.

Tarehe 20 sherehe ilifanyika. Uwanja ulijaa. Nilikwenda na Mama. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo.

Mvua zimekwisha. Mto umeanza kushuka, watu wa Alunguli, ng'ambo, wanavuka kwa urahisi. Kila mtu anakwenda anakotaka.

Hutaki niandike mara kwa mara. Hii ni mara moja.

Safi,
mke wako, mpaka uniambie vingine


Kinshasa, 5 Juni 1979

Safi, Safi, Safi wangu,

Barua hii haipiti posta. Onema anarudi Kibombo kwa msiba na atashuka Kindu. Amesema ataiweka mkononi mwako mwenyewe. Tazama: ni kalamu, ni mkono wangu, hapa nimedondosha na wino. Hakuna mwanamke. Hakujawa na mwanamke.

Nilisimama nikauliza swali langu. Mkubwa mwenye dhamana ya magereza akajibu kwamba Maniema nzima hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungwa kwa ajili ya mawe. Makofi. Nikaomba kusema tena. Barua yako ilikuwa mfukoni, na furaha yako ilikuwa kichwani mwangu kama pombe, nikafanya ujinga ambao mwanasheria wa mwaka wa kwanza hafanyi: nikamtaja shahidi wangu. Nikasema, “Mke wangu aliwapelekea wali na sombe. Alirudi na sufuria tupu. Nani alikula?”

Ukumbi ulicheka, Safi. Walicheka kama siku ya mbuzi. Kisha wakaona mkubwa hacheki, wakaacha wote kwa pamoja. Mwenyekiti akasema jibu limetosha, tulipokee kwa makofi, na wote wakasimama. Mimi nikakaa. Onema ananivuta mkono: “Piga, ndugu yangu, hata kama unaua mbu!” Nikamwambia mikono yangu imekataa.

Jioni mtu mmoja mpole sana alinikuta nje. Hakuuliza habari zangu. Aliuliza, “Mke wako mwenye sufuria anaitwa nani? Anakaa mtaa gani?” Hapo ndipo nilipoona nimekutia hatarini. Toka siku ile barua zetu zinafunguliwa. Nikakuandikia kwa mashine, kama mtu anavyomwandikia mpangaji wake, ili anayesoma aone mke asiye na maana kwa mumewe, amwache yeye na wali wake. Kila neno nililipiga kwa kidole kimoja, na kila moja lilinichoma. Nilijua utaumia, nikasema afadhali uumie kuliko wakufuate.

Wamenivua ukomiseri. Kamati ilikaa wiki iliyopita. Wengi walitaka nifungwe. Ndipo likasomwa jambo kutoka Kindu, limeletwa na chama cha mtaa wetu, kwamba tarehe 20 Mei mke wa mshtakiwa aliongoza safu ya kwanza ya wanawake, akacheza kuliko wote, mpaka mkubwa wa jimbo akaomba wimbo urudiwe.

Nilikaa pale nikisikia habari za kiuno cha mke wangu zikisomwa kwa Kifaransa.

Hukuniambia. Uliandika tu kwamba uwanja ulijaa. Nilikukasirikia, siwezi kuficha. Mimi nimekaza mikono isipige makofi, na wewe umewachezea. Kisha mwenyekiti akasema, “Basi nyumba hii haijaoza yote. Asifungwe. Arudishwe kijijini kwa baba yake, akae huko mpaka aruhusiwe kutoka.” Nikaelewa kwamba ni miguu yako iliyonitoa gerezani. Tangu hapo sijui nikushukuru au nikuombe msamaha, nafanya yote mawili nikitembea chumbani.

Kesho kutwa wananichukua. Watanipitisha Bukavu, nisikanyage Kindu. Kijiji cha baba kiko nyuma ya Kampene, mwendo mfupi kwa miguu. Sina Baraza, sina joho, sina dirisha. Uliolewa na mtu wa ndege. Aliyebaki ni mtu wa kijijini ambaye haruhusiwi kuvuka mto kuja kwako. Wewe ni kijana na umesoma. Baba yako akija kukuchukua, sitampinga, wala sitadai kitu. Lakini nataka kulisikia kwako mwenyewe. Lolote litakalokuwa, niandikie wewe.

Amuri


Kindu, 17 Juni 1979

Mume wangu, mume wangu wa kijijini,

Nimeipokea! Onema alikuja na kofia ya msiba, akakataa kuketi, akasema, “Njo wewe mwenye sufuria?” Nikasema ndiyo, ni mimi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, “Sasa naelewa kwa nini yule mupumbavu hapigi makofi.” Kisha akanipa. Nilisoma nimefunga mlango wa jikoni kwa mgongo, na Halima anagonga upande wa pili, “Ni habari gani? Wifi, ni habari gani?” Nikafungua, nikamkumbatia na mwiko wake.

Hakuna mwanamke! Wamekuvua, wamekutupa, na mimi nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe. Mama alilia kwa ajili ya jina lako, nami nikalia naye, kweli nililia, lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinarukaruka. Sikiliza, wewe uliyesoma sheria: walitaka kukuadhibu, wakachukua mtu aliyekuwa mwisho wa nchi, ambaye siwezi kumfikia bila ndege, wakamleta mpaka Kampene! Walikuwa wanakusukuma mbali na Baraza, hawakutazama nyuma yako kuna nini. Nyuma yako nipo mimi.

Sasa habari ya ngoma, maana sitaki ikae katikati yetu. Barua yako ya sitwayeni ilifika siku chache kabla ya sherehe. Okito akarudi, hakunywa chai safari hii. Akamwambia Mama, “Mutoto wako amesema maneno mabaya Kinshasa. Sasa na nyumba yake pia inakataa?” Hatukujua ni maneno gani, wala kama anatutisha tu, na katika wivu wangu sikuyaunganisha na barua yako. Asubuhi ya tarehe 20 Mama aliingia chumbani na kikwembe, kitenge kile chenye picha ya Kiongozi, akanifunga yeye mwenyewe, akakaza mpaka nikakosa pumzi. Akasema, “Cheza. Lakini cheza kama unapepeta mupunga, usicheze kama unaita wanaume.” Kisha akatembea nami mpaka uwanjani akiwa mbele, kichwa juu, yeye aliyesema sababu ni yeye.

Nikacheza, Amuri. Unasema niliwachezea. Sikumwona mkubwa wa jimbo, sikusikia walichokuwa wanaimba. Nilikuwa na barua yako ya mashine ndani ya nguo na nilikuwa nimekasirika, nimekosa usingizi, nakutaka. Nilipiga miguu chini kama mtu anayepiga mlango uliofungwa. Wakaona ni mapenzi ya chama. Basi waone hivyo. Sikukuambia kwa sababu niliona haya kwamba nilicheza vizuri, na wewe hukujibu.

Wewe ulikaa nami nikacheza. Ukiwa na hasira bado, iweke mezani tuimalize tukiwa wawili. Kwa barua nimechoka.

Na sasa kaa chini, usikie jambo hili. Wanawake wako wametoka! Mlango wa nyuma, bila kesi, bila karatasi, mapema kabla ya watu kwenda sokoni. Kwa kuwa mkubwa alisema mbele ya Baraza kwamba hakuna mwanamke gerezani, na wewe ukauliza nani alikula wali, iliwabidi wafanye iwe kweli kabla mtu hajatumwa kutazama. Mama Élisabeth alipita hapa kabla ya kuvuka kwenda kwao. Nilimweleza uliyoyasema. Alifunga na kufungua kitambaa chake, kisha akasema, “Mwambie Metre mbuzi wametoka zizini.” Akacheka mpaka akakohoa. Wanajua uko kijiji gani. Nadhani utakula vizuri.

Baba yangu alikuja Ijumaa. Hakuja na ubaya. Alisema, “Mwanangu, nilikutoa kwa mutu mukubwa. Huyu wa sasa siye. Funga vitu vyako twende.” Mama yako akainuka akatoka nje, asinizuie wala asinisukume. Nilimpigia Baba magoti, nikamwambia huyu wa sasa ndiye yule yule wa maganda ya ndizi, ukubwa ndio ulikuja baadaye. Hakuelewa. Aliondoka bila kula, na hilo limeniuma. Lakini aliondoka bila mimi.

Kisha Okito. Aliniletea maneno yaliyoandikwa tayari, nisimame Jumapili mbele ya wanawake wa chama niyasome, kwamba ninamkana mume wangu na mawazo yake. Akasema nikisoma nitabaki kiongozi wa safu, na kuna kazi ya kufundisha inaningoja. Nikamwambia, “Sitwayeni, kucheza nilicheza. Kusoma sisomi.” Akasema nitajuta. Mama kutoka jikoni akasema, “Majuto yake atayapika mwenyewe, wewe hutaalikwa.” Amenitoa kwenye safu. Hakujua ananipa nafasi.

Basi umeniuliza nikujibu mwenyewe. Jibu langu: ninakuja. Hawakuandika mahali popote kwamba mke asimtembelee mume wake, na kama wameandika, mimi sijasoma. Halima amezungumza na wanawake wanaopeleka chumvi na sabuni Kampene. Wanavuka kwa mtumbwi mpaka Alunguli, na huko kuna kamio, lori la mizigo, inayowangoja. Dereva bado hajui ni siku gani, anatafuta gurudumu, na mimi sitakaa nyumbani kungoja mpaka alipate. Kama ni kamio, nitapanda juu ya magunia. Kama ni miguu, wale wanawake wana miguu na mimi ninayo.

Fagia nyumba, au usifagie. Ukiulizwa ninakuja kufanya nini, sema kutembea tu, siku chache. Mwezi huu wa Juni hautaisha kabla sijafika mlangoni kwako, Amuri, na nikifika sitabisha hodi.

Mke wako,
Safi